Mswada Wenyewe Unasemaje? Al-Inkishafi, Wanakili Wake na Mwanafunzi Asiyejua Hati

IKISIRI

Makala haya yanauangalia utungo wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kama mswada ulioandikwa kwa mkono kabla ya kuwa kitabu kilichopigwa chapa. Tunadai kwamba matini tunayoihakiki madarasani imepitia mikono ya wanakili na wanukuzi, na kwamba hati ya Kiarabu iliyotumika kuiandika huacha nafasi ya usomaji zaidi ya mmoja. Kwa hiyo, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyeisoma hati hiyo huhakiki uamuzi wa mtu mwingine bila kujua kuwa ni uamuzi. Makala yanalinganisha hali hii na historia ya mswada mmoja wa kidini wa Ujerumani wa karne ya 12, yanatoa somo fupi kuhusu hati, na kumalizia kwa mapendekezo yanayotokana na mazingira ya mji wa Isiolo.

1.0 UTANGULIZI

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyefika mwaka wa pili wa chuo kikuu amekutana na Al-Inkishafi. Ameambiwa kuwa ni utungo wa Kiislamu wenye kuuasa moyo, kwamba unasimulia kuanguka kwa mji wa Pate, na kwamba lugha yake ni ya kale. Akaandika insha, akapata alama zake, akaendelea na riwaya.

Nami nilipita njia hiyo hiyo. Nilipoanza kuandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu taswira ya moyo katika tungo za kale, niliandika sura nzima nikiegemea toleo moja la chapa. Nilichambua maneno, nikahesabu beti, nikajenga hoja juu ya mpangilio wa beti hizo. Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo, akairejesha na swali moja tu pembeni: "Na mswada wenyewe unasemaje?" Sikuwa na jibu. Nilipoyaweka matoleo mawili kando kwa kando, nikakuta kwamba hata idadi ya beti hailingani. Nilipoletewa picha ya ukurasa wa mswada, nikatambua jambo la kuaibisha zaidi. Mimi, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili, nilikuwa sijui alifu kwa ujiti.

Makala haya yanatokana na swali hilo. Hayana nia ya kuwalaumu walimu wala wahariri wa matoleo tuliyo nayo, kwani bila wao tusingekuwa na cha kusoma. Nia yake ni kumwonyesha mwanafunzi mwenzangu umbali uliopo kati ya kalamu ya mtunzi na ukurasa anaoupigia mstari.

2.0 SAYYID ABDALLAH NA UTUNGO WAKE

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anakadiriwa kuishi kati ya mwaka 1720 na 1820. Alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Inat, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1584, ambaye kizazi chake kilienea katika mwambao wa Afrika Mashariki na kutoa wanazuoni na washairi wengi. Mbali na Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah anakumbukwa kwa takhmisa ya utungo unaonasibishwa na Liyongo. Wataalamu wanatofautiana kuhusu wakati hasa wa kutungwa kwa Al-Inkishafi. Wengine wanauweka nusu ya pili ya karne ya 18, na wengine wanausogeza hadi miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19, karibu na vita vya Shela vya mwaka 1812 au 1813, ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa.

Jina la utungo latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua au kufunuliwa. Katika elimu ya tasaufi, kufunuliwa ni hali ya moyo kuondolewa pazia na kuuona ukweli uliokuwa umefichika. Hapa ndipo ulipo msingi wa kitheolojia wa utungo huu. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya kwamba dunia ni ya hadaa, kisha anauletea ushahidi. Ushahidi huo ni Pate: majumba yaliyowaka taa, watu wa enzi na mali, kumbi zilizojaa sauti. Sasa majumba ni magofu, popo na ndege wamekuwa wenyeji, na waliokuwa wakijisifu wamo kaburini. Baada ya hapo utungo unaugeukia mwisho wa mwanadamu, siku ya hesabu na adhabu za motoni.

Kwa upande wa fani, kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake cha mwisho kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na wa nne una kina kinachorudiwa katika utungo wote. Tuliweke jambo hili akilini, kwa sababu tutaona baadaye kwamba vina humsaidia msomaji wa mswada kwa namna ambayo msomaji wa chapa haihitaji.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Lugha ya elimu ya dini wakati ule ilikuwa Kiarabu, na hapana shaka kwamba mtu wa ukoo na elimu ya Sayyid Abdallah aliimudu. Hata hivyo, alipotaka kuukemea moyo, aliukemea kwa Kiswahili cha watu wa kaskazini mwa mwambao. Alichukua hati ya Kiarabu akaifanya ibebe lugha isiyokuwa yake. Matatizo ya usomaji tutakayoyajadili yanaanzia katika uamuzi huo.

3.0 MFANO KUTOKA UJERUMANI

Kabla ya kurudi Lamu na Pate, inafaa tutazame jinsi jamii nyingine ilivyokabiliana na suala kama hili. Mfano ninaouchagua ni wa Hildegard wa Bingen, mtawa na mwanatheolojia wa Ujerumani aliyeishi kati ya mwaka 1098 na 1179. Kati ya mwaka 1141 na 1151 aliandika kitabu kiitwacho Scivias, chenye maono 26 pamoja na ufafanuzi wake. Aliandika kwa Kilatini, lugha ya kanisa, na mtawa mmoja wa kiume aitwaye Volmar alimsaidia kama katibu. Tayari hapa tunaona kwamba kati ya mwandishi na ukurasa kulikuwa na mkono wa pili.

Mswada maarufu zaidi wa kitabu hicho, uliopambwa kwa picha 35 za rangi, ulitengenezwa katika karne hiyo hiyo ya 12 na kuhusishwa na monasteri yake ya Rupertsberg. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mswada huo ulipelekwa Dresden ili uwe salama. Mwaka 1945 ulipotea, na mpaka leo haujaonekana. Lakini kati ya mwaka 1927 na 1933 watawa wa abasia ya Eibingen walikuwa wameunakili mswada mzima kwa mkono, maandishi na picha zake, kwa uangalifu mkubwa. Leo anayetaka kuziona rangi za mswada ule hutegemea nakala ya watawa hao, waliofanya kazi yao miaka 750 hivi baada ya asili kutengenezwa.

Mfano huu unatufunza mambo mawili. Kwanza, mnakili anaweza kuwa ndiye daraja la pekee lililobaki kati yetu na mtunzi. Pili, anayemtafiti Hildegard kwa dhati hulazimika kujifunza Kilatini na kuzisoma hati za enzi zile. Hakuna anayetegemea tafsiri ya Kijerumani cha leo akatumaini kuitwa mtaalamu wa Scivias. Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alipomtangaza Hildegard kuwa mwalimu wa kanisa, kazi ya kuisoma miswada yake ilikuwa imekwisha kufanywa na vizazi vya watu waliojifunza hati yake.

Je, sisi tunao watu kama hao wa kutosha kwa ajili ya Sayyid Abdallah?

4.0 MNAKILI WA LAMU NA WATEJA WAKE

Tunalo jina moja ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua sawasawa na anavyolijua jina la mtunzi. Ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga mbao na fundi wa ngoma. Utenzi wa Fumo Liyongo tunaousoma leo umetufikia kwa kalamu yake mwaka 1913. Al-Inkishafi nao ni miongoni mwa tungo alizozinakili.

Kijuma hakunakili kwa ajili ya majirani zake pekee. Alipokea maagizo ya wataalamu wa Ulaya, wakiwemo Alice Werner na William Hichens. Hichens ndiye aliyetoa toleo la Al-Inkishafi jijini London mwaka 1939. Kabla yake, kazi ya W.E. Taylor juu ya utungo huu ilikuwa imechapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha C.H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. Baadaye lilikuja toleo la James de Vere Allen mwaka 1977, na mwaka 1999 M.M. Mulokozi akauweka utungo huu pamoja na Fumo Liyongo na Mwana Kupona katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu ambacho wengi wetu tumekitumia.

Wajerumani nao walikuwa miongoni mwa wateja wa Kijuma. Ernst Dammann, mwanatheolojia na mtaalamu wa lugha za Kiafrika aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 2003, alifika Lamu katika miaka ya 1936 na 1937, akafanya kazi na Kijuma, na mwaka 1940 akachapisha mkusanyiko mkubwa wa tungo za lahaja ya Kiamu. Dammann alikuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi. Nalitaja hili kwa sababu mtafiti hana budi kujua ni nani aliyeuagiza mswada na kwa nyakati gani, kama anavyojua ni nani aliyeuandika. Kabla ya Dammann, mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipeleka Ujerumani miswada ya Kiswahili ukiwemo wa Utendi wa Tambuka, ikahifadhiwa Halle.

Tukiuangalia mfululizo huu wote, tunaona kwamba njia ya utungo kutoka kwa Sayyid Abdallah hadi kwetu ina vituo visivyopungua vinne: mtunzi, wanakili waliomfuata, mnakili aliyemwandikia mtaalamu wa kigeni, na mhariri aliyehamisha maneno kutoka hati ya Kiarabu hadi hati ya Kirumi. Katika kila kituo kuna mtu aliyelazimika kuamua. Kituo cha mwisho ndicho kinachomhusu mwanafunzi zaidi, na ndicho tunachokitazama sasa.

5.0 SOMO FUPI KUHUSU HATI

Hati ya Kiarabu ina herufi 28 za konsonanti na alama tatu za irabu fupi: fataha kwa a, kasra kwa i na dhumma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo, katika miswada mingi ya zamani, kasra moja hubeba i na e, na dhumma moja hubeba u na o. Aidha, Kiarabu hakina p, v, ch wala g kama zinavyotamkwa katika Kiswahili. Wanakili walitumia herufi iliyo karibu: be kwa b na p, fe kwa f na v, shini kwa sh na ch, ghaini kwa gh na g. Mwisho, sauti za ving'ong'o zinazotangulia konsonanti, yaani mb, nd, ng na nyinginezo, mara nyingi hazikuonyeshwa. Be ile ile iliyokuwa b na p ikawa pia mb.

Hebu tuchukue mifano michache ya maneno ya kawaida. Mifano hii nimeiunda mwenyewe kwa ajili ya somo na haikutoka katika utungo wowote.

(i) Be yenye kasra ikifuatwa na be yenye kasra inaweza kusomwa bibi, pepe au pembe.

(ii) Shini yenye dhumma ikifuatwa na kafu yenye fataha inaweza kusomwa shuka, shoka au choka.

(iii) Be yenye fataha ikifuatwa na dali yenye fataha inaweza kusomwa banda au panda.

(iv) Fe yenye dhumma ikifuatwa na fataha inaweza kusomwa fua au vua.

Msomaji mwenyeji hakutatizwa sana na hali hii. Aliijua lugha, aliujua utungo kwa kuusikia ukighanwa, na mswada ulikuwa wa kumkumbusha tu. Wapo pia wanakili walioongeza nukta juu au chini ya herufi, wakifuata mfano wa hati ya Kiajemi, ili kutofautisha p na b au ch na sh. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na Taylor, alishughulikia suala hili la kuifanya hati iendane na sauti za Kiswahili. Hata hivyo, marekebisho hayo hayakufuatwa na kila mkono, na kila nakala ina tabia yake.

Msomaji wa mswada ana nyenzo tatu za kumsaidia. Nyenzo ya kwanza ni vina na mizani. Ikiwa mshororo mmojawapo unaishia kwa neno ambalo haliwezi kuwa na irabu nyingine ila e, basi mwenzake wa ubeti huo huo nao utaelekea kuwa na e, na pembe itaipiku bibi. Nyenzo ya pili ni ujuzi wa lahaja, kwa kuwa neno lisilo na maana katika Kiswahili sanifu huweza kuwa wazi kabisa kwa mtu wa Pate au Lamu. Nyenzo ya tatu ni ulinganishaji wa nakala mbalimbali pamoja na kumbukumbu za wajuzi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa hazina ya aina hiyo, na watafiti wengi walimwendea.

Lakini kuna mahali ambapo nyenzo hizo hazitoshi. Turudi kwenye mfano wa nne. Tuseme tumekutana na sentensi inayoutaka moyo ufue vazi lake kabla ya safari, au uvue vazi lake kabla ya safari. Katika hati ya zamani, sentensi hizo mbili ni moja. Mizani ni ile ile, vina ni vile vile, lahaja ni moja, na muktadha unazikubali zote. Lakini maana ya kidini ni mbalimbali kabisa. Kufua vazi ni kutubu: mtu anabaki na dunia yake ila anaisafisha. Kuvua vazi ni zuhudi: mtu anaiacha dunia aondoke bila kitu. Mhariri atakayechagua f atatupa mwanatheolojia wa toba. Atakayechagua v atatupa mwanatheolojia wa kuikana dunia. Na mwanafunzi atakayesoma chapa yoyote kati ya hizo mbili ataandika insha yenye hoja nzito kuhusu falsafa ya mtunzi, na kumbe falsafa hiyo imesimama juu ya nukta ambayo haikuwahi kuandikwa.

6.0 ATHARI KWA UHAKIKI

Yapo mapingamizi mawili yanayoweza kuletwa dhidi ya hoja hii, na ni vyema tuyakabili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi ya unukuzi imekwisha kufanywa na mabingwa, hivyo mwanafunzi wa leo anaweza kuendelea na uhakiki bila kurudi nyuma. Ni kweli kwamba mabingwa wamefanya kazi kubwa. Lakini kama kazi hiyo ingekuwa imekwisha, matoleo yasingetofautiana. Idadi ya beti isingebadilika kutoka nakala hadi nakala. Tofauti hizo ni ushahidi kwamba kila mhariri alikuwa mhakiki pia, na uamuzi wake unastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki hoja nyingine yoyote. Mtu hawezi kuupima uamuzi kama hawezi kuiona mizani iliyotumika.

Pingamizi la pili ni kwamba hati hii ni mali ya dini, na kwamba idara ya Kiswahili ya chuo kikuu cha umma ina wanafunzi wa imani zote. Mimi mwenyewe si Mwislamu wala sikupitia chuoni. Lakini sioni jinsi mwanafunzi Mkristo anavyopungukiwa na imani yake kwa kujua kuandika be na te, kama vile sioni jinsi mtafiti Mwislamu anayejifunza Kilatini ili amsome Hildegard anavyogeuka kuwa mtawa. Hati hii ilibeba barua, hati za mauzo, hesabu za biashara, nasaba na mashairi ya mapenzi, sambamba na tungo za dini. Ni sehemu ya historia ya lugha, na lugha ni ya wote wanaoisoma.

7.0 FUNZO KUTOKA ISIOLO

Nililolisema hadi hapa ningeweza kulisema nikiwa popote. Lakini nililielewa nikiwa nyumbani Isiolo, mji ulio mbali na bahari na ambao hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia kuwa una uhusiano na fasihi ya kale ya Kiswahili.

Isiolo ni mji wa watu wengi: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengineo. Wapo Wasomali ambao wazee wao walikuwa askari na wakapewa makazi hapa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na shuleni. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, watoto wengi wa Kiislamu huwa tayari wamekaa duksi, wakisoma na kuandika aya kwenye mbao zao. Wengi wao huijua hati ya Kiarabu kabla ya kuijua ya Kirumi.

Wakati wa likizo niliyokuwa nahangaika na swali la msimamizi wangu, nilimwonyesha binti wa jirani zetu wa Bulla Pesa, mwanafunzi wa kidato cha pili, picha ya ukurasa wa mswada wa Kiswahili. Aliuchukua akaanza kusoma herufi moja moja, polepole, kwa sababu maneno hayakuwa yale aliyoyazoea. Alitamka b mahali nilipotarajia p, na i mahali nilipotarajia e. Kila alipotamka, mimi nilijaribu kulisikia neno lililojificha, nikilipata namwambia, naye anarudia. Tulipofika mstari wa nne alisimama, akanitazama, akasema: "Mwalimu, kumbe hiki ni Kiswahili?"

Yeye alikuwa na herufi, mimi nilikuwa na lugha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameambiwa kwamba vitu hivyo viwili ni vya kitabu kimoja. Shuleni alikuwa akiambiwa kwamba fasihi simulizi na andishi ya Kiswahili ni somo gumu la watu wa pwani. Duksi alifundishwa kuwa hati ile ni ya Kiarabu. Mimi chuoni nilifundishwa historia ya hati hiyo bila kufundishwa hati yenyewe. Tangu siku ile sijaweza kuuona upungufu huu kuwa wangu peke yangu.

Kutokana na hayo, ninapendekeza mambo matatu.

Kwanza, idara za Kiswahili ziweke kozi fupi ya lazima ya kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwa kila mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuandika juu ya tungo za kale. Herufi 28 na alama tatu si mzigo wa kumshinda mtu aliyekwisha kumudu ngeli na mnyambuliko.

Pili, wanachama wa chama chetu wanaotoka Isiolo, Garissa, Wajir, Mandera na sehemu nyingine zenye duksi na madrasa wahesabiwe kuwa na ujuzi wa kitaaluma wanaoweza kuwafundisha wenzao. Kikundi cha watu sita wanaokutana mara moja kwa wiki, wakiwa na ukurasa mmoja wa mswada mbele yao, kinaweza kuanza bila bajeti yoyote.

Tatu, tujifunze kuitumia miswada iliyo karibu nasi. Si yote iliyoko London na Berlin. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mkubwa wa miswada, na orodha iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Vilevile, kuanzia miaka ya 2000, orodha ya miswada iliyoko katika Chuo Kikuu cha London, kitivo cha masomo ya Mashariki na Afrika, imewekwa kwenye mtandao. Kisingizio cha umbali kimepungua nguvu.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba Al-Inkishafi ni kazi ya mwanatheolojia na mshairi mkubwa ambaye maneno yake yametufikia kupitia kwa wengine. Wanakili kama Muhamadi Kijuma waliyahifadhi. Wahariri waliyahamisha kutoka hati moja hadi nyingine. Katika safari hiyo, hati yenye irabu tatu ililazimishwa kuzaa irabu tano, na be moja ikagawanywa mara tatu. Kila mgawanyo ni tafsiri, na tafsiri inastahili kuulizwa maswali.

Katika miaka ya hivi karibuni mji wetu umezoea kusikia habari za Lamu. Mradi mkubwa wa uchukuzi uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 unakusudia kuiunganisha bandari hiyo na Isiolo, kisha Ethiopia na Sudan Kusini, na gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Watu wanazungumzia mifugo, mafuta na bei ya ardhi. Ni mazungumzo ya haki. Lakini binti wa Bulla Pesa alikwisha kuufikia ukurasa wa Lamu bila kuingojea barabara. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kilichomo ndani yake.

Nimeirudia ile sura ya tasnifu. Ni fupi kuliko ya kwanza, na ina madai machache. Penye neno lenye usomaji wa namna mbili, nimeandika namna zote mbili na sababu ya kuchagua moja. Niliyaangalia maneno hayo kwenye picha za mswada mwenyewe, kidole juu ya herufi, kama mtoto wa duksi.